Ufunguo Una Mwenyewe
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa waliosoma shuleni hapa)



Nimepewa dakika chache nizungumzie usalama wa kompyuta za ofisini. Nitasema jambo moja tu: neno la siri ni ufunguo, na ufunguo una mwenyewe.

Sote tunamkumbuka kiranja wa stoo. Alipomaliza muda wake alikabidhi ufunguo mbele ya mwalimu, vitu vikahesabiwa, daftari likatiwa sahihi. Mchele ukipungua baada ya hapo, aliulizwa kiranja mpya. Je, katika ofisi tunazoziongoza leo tunafanya hivyo? Mtumishi huhamishwa, hustaafu, pengine hufariki, na jina lake bado linafungua kompyuta.

Msidhani ni jambo dogo. Mwezi Mei 2021, huko Marekani, wahalifu walizishambulia kompyuta za kampuni ya Colonial Pipeline, yenye bomba la mafuta la kilomita zipatazo 8,850. Walipitia akaunti ambayo haikutumika tena lakini ilikuwa haijafungwa. Mkuu wa kampuni, Joseph Blount, aliwaeleza maseneta kwamba neno la siri lenyewe halikuwa jepesi. Lakini lilikuwa kufuli pekee. Hapakuwa na uthibitisho wa pili, kama vile namba inayotumwa kwenye simu ya mwenye akaunti. Bomba lilisimama siku kadhaa, watu wakapanga foleni kwenye vituo vya petroli, na kampuni ikawalipa wahalifu dola zipatazo milioni 4.4.

Kwetu hatari hii ina sura nyingine. Wako wakubwa wanaowapa makarani maneno yao ya siri ili waidhinishe malipo kwa niaba yao. Siku fedha zikipotea, kompyuta itataja jina la mkubwa, mkubwa atamtaja karani, na karani hana hata karatasi moja ya kumtetea. Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kuingia katika kompyuta bila ruhusa kuwa kosa la jinai. Ruhusa ya mdomo itathibitishwaje, na aliyeitoa ameikana? Kijana aliyetii amri ndiye atakayeangamia.

Ndugu zangu, mkienda likizo, teueni kaimu kwa barua, naye apewe ufunguo wake mwenyewe. Anayeandaa malipo asiwe ndiye anayeyaidhinisha. Neno la siri lisisimame peke yake. Liongezewe uthibitisho wa pili.

Tena, Jumatatu mkifika kazini, ombeni orodha ya majina yote yanayofungua kompyuta zenu, mkailinganishe na orodha ya mishahara. Jina lisilo na mtu lifungwe siku hiyo hiyo.