Jua la Kaskazi na Kazi za Kikundi

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Vanga

Leo hatukuja na habari za mikopo wala za kuku. Tumekuja kuzungumza juu ya jua.

Mtasema, jua tumezaliwa nalo. Ni kweli. Lakini mwili hujipoza jasho linapokauka, na miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, hewa ya hapa kwetu ina unyevu mwingi. Jasho linatiririka tu, halikauki, joto linabaki ndani. Mtu analima au anabeba mchanga, mwili unazidi kupata moto, naye anajiona mzima.

Kazi zetu nyingi zinahamishika. Kujaza udongo vifuko vya miche ya mikoko, kuchimba kisima, kupalilia: zianze alfajiri, zikome saa nne, zirudiwe saa kumi. Na mikutano, jamani, kwa nini tunaiita saa saba mchana?

Shida iko kwa akina mama wa pweza na chaza. Saa zao si zao, ni za bahari. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi. Ndipo mwamba unapoonekana, na ndipo jua linapopanda utosini. Kuwaambia wabaki nyumbani ni kuwaambia walale njaa. Basi tunawaomba hivi: mtu asiende peke yake. Abebe maji ya kunywa, lita mbili si nyingi, na anywe kidogo kidogo hata kabla ya kuona kiu. Avae kofia pana ya ukili, na leso iliyoloweshwa mabegani. Mjamzito na mwenye presha wapewe kazi ya kivulini.

Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na ya 2026 Februari, zote ndani ya kaskazi. (Sisi Wakatoliki nasi Kwaresima yetu ilikuwa humo humo.) Mwezi huo kikundi kisiwapangie waliofunga kazi nzito za mchana. Na aliyeugua ana ruhusa ya kufungua, hilo masheikh wenyewe ndio hulifundisha.

Mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au akikazwa na misuli, aache kazi, akae kivulini. Apewe maji ya sukari na chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akizimia, huyo anaweza kufa. Wako wanaosema amepandwa na shetani, wakamfunika na kumfukiza. Hatukuja kubishana juu ya mashetani. Lakini kumfunika mtu anayeungua ndani ni kumwongezea moto. Mpelekeni kivulini, mpunguzeni nguo, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni bila kuacha, huku mwingine anatafuta gari la hospitali. Kama mko mwambani, maji ya bahari yanafaa kumwagia. Asiyejitambua msimtie kitu mdomoni, hata maji.

Neno moja juu ya mto Umba. Maji yake yanatoka milima ya Usambara, Tanzania. Mvua ikinyesha kule, huku jua laweza kuwaka na mto ukapanda. Kwa hiyo msiupime mto kwa kutazama mawingu ya Vanga. Mwenye jamaa huko juu ampigie simu, na watoto wasivushwe maji yakishabadilika rangi.

Kabla hatujatawanyika, kila kikundi kikae pembeni dakika chache. Katibu aandike kwenye daftari kazi zipi zinahamia alfajiri, nani atashika mtungi wa maji, na nani ana namba ya simu ya mwenye gari. Akina mama wa pweza wabaki nasi hapa, tupange nani ataongozana na nani bamvua ijayo.