Linux Mezani pa Karani: Wepesi Wake, Usalama Wake na Watu Inaowafaa



1. Utangulizi na Fasili

Nimetakiwa na waandalizi wa semina hii nieleze iwapo mfumo wa Linux wafaa kuwekwa mezani pa watumishi wetu, na kwa watumishi gani. Nami nashukuru kwa heshima hiyo. Sitakawia katika fasili, kwani sote tulio hapa twajua kwamba Linux ni kiini cha mfumo endeshi kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, na kwamba juu ya kiini hicho imejengwa mifumo kamili, kama vile Debian, Ubuntu na Linux Mint, ambayo kila mtu ana idhini ya kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa pasipo kununua leseni.

2. Usalama, kwa Mukhtasari

Fadhila kubwa ya Linux ni kwamba mtumishi hafanyi kazi za kila siku kwa mamlaka ya msimamizi, na programu aghalabu hutoka katika hazina moja iliyotiwa sahihi ya kidijiti. Virusi vile vilivyotutaabisha miaka mingi, ambavyo huficha mafolda yaliyomo katika flashi na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale, huku havipati pa kukaa.

Walakini si ngome isiyovunjika. Februari 2016 wahalifu waliingia katika tovuti ya Linux Mint, wakawaelekeza watu kwenye nakala iliyotiwa sumu; na Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopenyezwa katika programu ya xz, baada ya kuona kwamba kuingia katika mashine kutoka mbali kulichukua takriban nusu sekunde zaidi ya ada. Kwa hiyo hadhari haina likizo katika mfumo wowote.

3. Unamfaa Nani

Mwanafunzi, mwalimu, mkutubi na yeyote ambaye kazi yake ni kusoma, kuandika na kutumia intaneti, wanaweza kuhamia bila ya mashaka; na zile kompyuta ambazo haziwezi kupokea Windows 11, ilhali msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, zaweza kupata umri mpya. Ama mhasibu ambaye programu yake imetengenezwa kwa Windows peke yake, au mchora ramani za majengo anayetegemea AutoCAD, huyo si insafu kumhamisha kwa nguvu.

4. Waraka Unaobadilika Umbo

Sasa naomba ruhusa nikae kitako juu ya jambo moja, ambalo nimeshindana nalo kwa miaka kumi na moja. Maoni haya ni yangu, wala si ya taasisi iliyoniajiri.

Katika ofisi moja niliyoitumikia tulihamisha mashine saba. Katibu muhtasi wetu, bibi wa makamo, aliuzoea mfumo mpya kwa siku mbili, wala hakulalamika. Wiki ya tatu barua yake ya ukurasa mmoja, aliyoituma kwa baruapepe, ilirudishwa na masijala ya juu: huko ilifunguka ikawa kurasa mbili, na katika ukurasa wa pili hapakuwa na kitu ila jina na cheo cha mkuu wake, vimesimama peke yao. Pembeni paliandikwa kwa wino mwekundu, “Andika upya.” Bibi yule akanitazama, akasema, “Mwanangu, mimi barua nimeanza kuziandika kwa taipureta. Leo naambiwa sijui pambizo?” Sikuwa na jawabu.

Sababu yenyewe nilikuja kuijua baadaye, nayo ni ndogo ya kuhuzunisha. Kuanzia toleo la 2007, kwa miaka mingi, Word ilikuwa ikianza na fonti ya Calibri, ambayo Linux haiji nayo kwa kuwa si mali huria. Kiolezo chetu kilikuwa kimeandikwa kwa fonti hiyo, mashine ikaweka nyingine yenye herufi za upana tofauti, na bibi akaipanga barua kwa vipimo ambavyo kwa mpokeaji havikuwapo. Dawa ni fonti ya Carlito, ambayo upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri. Kadhalika Caladea kwa Cambria, na Liberation Serif kwa Times New Roman. Ni kazi ya dakika chache, lakini ilinifikia kwa kuchelewa: mashine ile ilikuwa imekwisha rudishwa Windows, tena kwa nakala isiyo na leseni wala masasisho, na mwezi haukwisha kabla virusi havijarudi katika flashi za ofisi. Usalama wa ofisi nzima ulipotea kwa ajili ya mistari miwili ya barua.

Wala si sisi peke yetu. Mji wa Munich, Ujerumani, ulihamisha takriban kompyuta 15,000, ukatangaza mwaka 2013 kwamba kazi imekwisha. Mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows, na miongoni mwa malalamiko ilikuwa taabu ya kubadilishana nyaraka na ofisi nyingine. Muundo huria wa nyaraka, ODF, ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006; nasi tungali tukitumiana fomu za Word. Madokezo niliyoyaandika juu ya jambo hili ni mengi, na majibu niliyoyapata ni machache.

5. Mapendekezo

1. Kila kompyuta ya Linux itiwe fonti za Carlito, Caladea na Liberation kabla ya kukabidhiwa mtumishi.
2. Waraka uliokamilika utumwe kwa PDF.
3. Fomu na violezo vitolewe kwa ODF pia, navyo vijaribiwe katika mifumo yote miwili.
4. Makatibu muhtasi wafundishwe kupanga maandishi kwa mitindo na tabo, si kwa kubonyeza kitufe cha nafasi.
5. Masijala zisirudishe waraka kwa sababu ya umbo kabla ya fundi kuulizwa.
6. Mwenye programu ya lazima ya Windows aachiwe Windows, kwa leseni halali.
7. Neno la siri la msimamizi lisigawiwe. Masasisho yafanywe kila wiki. Nakala ya kusimika ihakikiwe kabla ya kutumiwa.
8. Kazi ya kuzitafsiri programu za ofisi kwa Kiswahili, iliyoanzwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa Jambo OpenOffice, mwaka 2004, iendelezwe.
9. Narudia la kwanza, kwa kuwa ndilo rahisi kuliko yote na ndilo lisahauliwalo: fonti zitangulie, mtumishi afuate.