Kahawa Ikionjwa Mara ya Pili

Kule Marekani, sarafu ya kale ikishapewa daraja na kufungiwa ndani ya kasha la plastiki, wapo wanaoipeleka tena kwa kampuni ya CAC, iliyoanza kazi mwaka 2007. Kampuni ikiridhika, inabandika kibandiko cha kijani juu ya kasha lilelile. Daraja halibadiliki, bei aghalabu hupanda.

Huku Meru na Embu tunavuna kahawa, si sarafu, ila swali ni hilohilo: jicho la pili linamfaidi nani?

Tuanze na daraja la AA. Herufi hizo zinapima ukubwa wa punje, zile kubwa za takriban milimita 7, na chekeche halina upendeleo. Kumlipa mtu achekeche upya ni kumwaga pesa. Ladha ndiyo yenye ubishi. AA inaweza kuwa na kasoro kikombeni, na AB ya jirani, yenye punje ndogo zaidi, ikaipiku. Hapo ulimi wa pili una kazi, maana mkoboaji, wakala na mnunuzi wana waonjaji wao. Mkulima wa Runyenjes au Imenti, mara nyingi, hana wake.

Lakini sampuli ichukuliwe kabla ya mnada wa Nairobi, mbele ya viongozi wa chama cha ushirika, na sehemu yake ibaki ushirikani. Ripoti ikija baada ya mauzo, ni karatasi tu. Na gharama? Ikikatwa kimyakimya kwenye malipo ya mkulima, mimi naipinga. Itajwe kwenye mkutano mkuu wa mwaka, shilingi ngapi kwa kilo, wanachama wapige kura.