Parke ya Makomeno: maneno yetu kwenye mkutano

Bamama, batata, na ninyi mulioleta pesa za mashine, tuseme kweli. Chumba cha wageni cha mama yetu aliyerudi kutoka Zambia, hapa Makomeno, tulikiharibu sisi wenyewe. Mashine tuliisimamisha fasi moja, ikachimba shimo sawa sahani. Kiisha tukamwaga maji kuondoa vumbi, mbao zikavimba. Na verni tukapaka siku ileile, mvua ya Januari inanyesha! Mpaka leo inanata.

Tunangoja mwezi wa sita, mbao zikauke. Tutapitisha msasa 40, 80, kiisha 120, kufuata mistari ya mbao, mashine ikitembea bila kusimama. Vumbi ni ya ufagio na kitambaa kikavu tu. Shimo halitaisha lote: tukizidi kuchimba tutafika kwenye misumari. Mama amesema ataweka meza pale. Verni ya pili tutalipa sisi tuliofanya kazi, si mfuko wa shirika.