Tathmini ya Athari za Upepo Mkali: Nafasi ya Halmashauri katika Kurejesha Hali ya Wananchi

Mada kwa semina ya watendaji wa kata na vijiji

1.0 Utangulizi

Nimeombwa nieleze wajibu wa serikali za mitaa baada ya dhoruba. Muda ni mfupi, kwa hiyo mengine nitayagusa tu.

2.0 Dhana na mfumo

Maafa ni tukio linaloizidi jamii uwezo wa kulikabili kwa rasilimali zake. Hatua zake ni kuzuia, kujiandaa, kukabili na kurejesha hali. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa. Hayo yamo kwenye makabrasha yenu.

3.0 Hali halisi

Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatoa tahadhari siku kadhaa kabla. Hapo tumepiga hatua. Lakini mvua zilizoambatana nacho zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi upande wa Kilwa. Barabara ikikatika, serikali inayobaki na mwananchi ni mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji.

Tena, Hidaya ilikuwa na jina. Mvua ya mawe na upepo iliyoua makumi ya watu Mwakata, Kahama, Machi 2015, haikuwa nalo. Na upepo wa kawaida unaoezua nyumba kumi na darasa moja hauleti kiongozi wa kitaifa. Huo ni mzigo wa halmashauri peke yake.

4.0 Tatizo la tathmini

Hapa naomba nikae kidogo. Nasema kwa heshima na bila kukusudia ofisi yoyote.

Nyumba ikiezuliwa leo, mtendaji huandika majina kesho. Orodha hupanda kata, kisha wilaya. Wilaya hutuma timu kuhakiki, na timu husubiri gari, mafuta na kibali cha posho. Inapofika, wiki zimepita. Mwenye watoto wadogo hakusubiri: ameokota mabati yaliyokunjamana, ameyanyoosha kwa nyundo, amekopa kwenye kikoba akanunua misumari na mbao za kenchi, amejisitiri. Timu inaona paa, inakata jina. Jirani aliyehamia kwa shemeji yake na kuacha kuta wazi anabaki kwenye orodha.

Utaratibu huu unamwadhibu aliyejikwamua. Wananchi wameshausoma: wapo wanaoacha nyumba zinyeshewe mpaka wakaguliwe, na ukuta wa udongo ulionyeshewa wiki mbili hauezekeki tena. Hasara ambayo ingemalizwa kwa bati chache inageuka nyumba nzima.

Lipo pia suala la mpangaji. Fomu nyingi huhesabu nyumba, si kaya. Msaada wa bati humwendea mwenye nyumba. Mpangaji aliyepoteza godoro, unga na cherehani iliyokuwa ikimlisha hana safu ya kuandikwa. Nimelisema hili katika vikao vingi. Hoja hupokelewa, huingizwa kwenye muhtasari, na muhtasari huhifadhiwa.

Tunaambiwa uhakiki wa pili huzuia majina hewa. Ni kweli majina hewa yapo. Lakini hayazuiwi na mtu kutoka wilayani asiyejua nani analala wapi. Huzuiwa na orodha kusomwa hadharani mbele ya majirani.

5.0 Mapendekezo

(i) Tathmini ya kijiji ifanyike ndani ya saa 72 na iwe ndiyo msingi wa msaada wa kwanza.

(ii) Picha ya simu iliyopigwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili ikubalike kuwa ushahidi, ili mwananchi aruhusiwe kuezeka mara moja.

(iii) Anayejiezekea asikatwe jina. Arejeshewe vifaa alivyotumia au apewe vilivyobaki.

(iv) Fomu ihesabu kaya, na mpangaji awe na safu yake.

(v) Orodha isomwe kwenye mkutano wa hadhara na ibandikwe ofisi ya kijiji.

(vi) Daftari la wakazi la kitongoji lihuishwe kabla ya msimu wa mvua.

(vii) Halmashauri itenge fungu la maafa kutoka mapato ya ndani, na fungu hilo lisihamishwe katikati ya mwaka.

(viii) Maturubai, misumari na mbao vihifadhiwe kwenye kata, hasa zile ambazo barabara zake hukatika.

(ix) Timu ya wilaya ihakiki kwa sampuli, baada ya msaada wa kwanza kutolewa na si kabla.

(x) Kwa msisitizo: mwananchi asizuiwe kuezeka kwa kusubiri mkaguzi.

6.0 Hitimisho

Mapendekezo ya (vii) na (viii) yanahitaji bajeti, na naelewa ugumu wake. Yaliyobaki yanahitaji fomu mpya na waraka wa Mkurugenzi. Naomba mjadala uanzie kwenye (ii) na (iii), kwa kuwa hayo yanaweza kuanza kabla ya mvua zijazo.