Kupima Mwendo wa Nuru



Mtu akikata mti ng'ambo ya bonde, kwanza twaona shoka likishuka, kisha ndipo twasikia sauti yake. Basi twajua ya kuwa sauti husafiri. Je, nuru nayo husafiri, au hufika papo hapo? Jicho peke yake haliwezi kuamua.

Mwaka 1862 Léon Foucault, mtaalamu wa Paris katika Ufaransa, alipima jambo hilo kwa kioo kinachozunguka upesi mno. Nuru ilipiga kioo hicho, ikaenda mpaka kioo kingine kilichosimama imara, ikarudi. Iliporudi ilikuta kioo cha kwanza kimekwisha kugeuka kidogo, kwa hiyo ikaangukia kando ya pale ilipotoka. Kwa kuipima nafasi ile ndogo, na kuhesabu mizunguko ya kioo, alipata kilometa 298,000 kwa sekunde moja.

Albert Michelson wa Marekani akaishika kazi ile, na mwaka 1879 akapata 299,910. Angaliweza kutosheka na sifa, lakini hakutosheka. Mwaka 1926, naye ni mzee wa miaka 73, alipima tena huko California. Kioo chenye nyuso 8 kiliwekwa katika Mlima Wilson, na kioo cha kurudisha nuru katika Mlima San Antonio, umbali wa kilometa 35 hivi. Kioo kilizungushwa kwa nguvu ya hewa mara 528 hivi kwa sekunde. Na kila uso ulipofika mahali pa mwenziwe, nuru ilikuwa imekwisha kwenda na kurudi. Alipata 299,796.

Tangu mwaka 1983 kipimo kilichokubaliwa na mataifa ni kilometa 299,792 na sehemu kidogo. Basi kosa lake la kwanza lilipita kilometa 100, na la uzeeni halikufika 4.

Tena tukumbuke wapima ardhi waliopima umbali wa milima ile miwili. Lau wangalikosea wao, ustadi wote wa kioo usingalifaa kitu.

Nasi tulio makarani na walimu, tuandikao hesabu za watu, tusione haya kuhesabu mara ya pili. Aibu si kusahihisha. Aibu ni kushikilia kosa kwa kuwa tuliliandika sisi wenyewe.