Nyumba ya Wazee na Vifua Vyetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Magongo)



Wengi wetu hapa Magongo tumeachiwa na wazee nyumba za udongo. Sikukuu ikikaribia, wake zetu huuliza: milango hii mtaipaka rangi lini? Nasi tumetoka shifti ya usiku Kilindini, macho mekundu, na karo haijalipwa. Basi Jumapili twashika msasa, twaikwangua rangi kuukuu hali watoto wamo ndani.

Hapo tunakosea. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi. Ukiikwangua kavu, vumbi lake huingia kifuani na katika chakula, na kwa mtoto mdogo hudhuru akili. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mikindani, wanaijua risasi: mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Sisi tusijitengenezee yetu nyumbani.

Tulifanya hivi. Tuliilowesha rangi kabla ya kuikwangua, tukapangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, watoto wakalala kwa nyanya yao. Kuta tulizipaka chokaa, maana ukuta wa udongo hupumua chini yake. Lakini chokaa huunguza macho, jihadharini. Tena tulifanya siku ya mapumziko tu, kwani mwenzetu mmoja alipanda ngazi baada ya shifti, akasinzia, akaanguka.

Sebule imekwisha. Jikoni bado, na wake zetu wanajua sababu.